Barua ya wazi: Msiiachie mizimu kulinda hospitali mlizozifunga

Kwenu mawaziri wa afya, wakurugenzi wa miji, wajumbe wa bodi za wadhamini na wamiliki binafsi. Kwa yeyote anayeshika ufunguo wa hospitali isiyotibu mtu tena.

YAH: SIFA YA MIZIMU KATIKA HOSPITALI ZILIZOACHWA

Nawasalimu kwa heshima.

Mimi ni karani mstaafu wa masijala ya hospitali. Sikuwahi kushika sindano wala kisu cha upasuaji, nilishika mafaili. Kazi hiyo humfundisha mtu kwamba mgonjwa akishatoka wodini, awe ametoka kwa miguu yake au kwa machela kuelekea chumba cha maiti, kinachobaki hospitalini ni karatasi. Ndiyo maana nikisikia kwamba jengo fulani lililokuwa hospitali limeingiwa na mizimu, sicheki wala siogopi. Nauliza mafaili yake yako wapi, na nani alisaini hati ya makabidhiano.

Swali hilo huwa halijibiwi. Linalojibiwa haraka ni lile jingine: kuna nini mle ndani usiku? Hapo kila mtu ana la kusema. Kuna muuguzi wa mavazi meupe anayeelea. Kuna kitanda cha magurudumu kinachojisukuma chenyewe. Kuna mtoto anayecheza mpira koridoni. Nendeni nchi yoyote yenye hospitali iliyofungwa mtawakuta haohao watatu, utadhani kuna ofisi inayowapangia vituo vya kazi.

Shutuma yangu naiweka mapema ili msiitafute: sifa ya mizimu inawafaa ninyi. Mlinzi anadai mshahara na uzio unadai matengenezo, lakini mzimu haudai chochote. Wananchi wakiogopa kupita karibu, mmepata ulinzi wa bure. Wakiuliza jengo lilikuwa likifanya nini, nani alifia humo na vifaa vilikwenda wapi, hadithi ya muuguzi mweupe inajibu kwa niaba yenu. Mwandishi wa habari akija hupiga picha kuta zilizobanduka rangi, huondoka na makala ya kutisha, na jina la aliyeacha milango wazi halimo kwenye makala hiyo.

Niwape mfano wa jinsi hadithi inavyokula hesabu. Kwenye kilima kusini-magharibi mwa Louisville, jimbo la Kentucky, Marekani, kuna jengo la Waverly Hills. Lilianza mwaka 1910 kama hospitali ndogo ya mbao ya wagonjwa wa kifua kikuu. Mwaka 1926 likafunguliwa jengo kubwa la ghorofa tano, lenye uwezo wa kulaza wagonjwa zaidi ya 400. Hospitali ikafungwa mwaka 1961. Leo inatajwa miongoni mwa majengo yenye mizimu mingi kuliko yote nchini humo, na nguzo ya sifa hiyo ni namba moja: kwamba watu 63,000 walifia humo.

Namba ya aina hiyo mtu wa masijala hawezi kuipita bila kuigawa. Kutoka 1910 hadi 1961 ni miaka 51. Maana yake ni vifo zaidi ya 1,200 kila mwaka bila mapumziko, tangu enzi za jengo la mbao lenye vitanda vya kuhesabika. Hata tukiwakopesha wasimuliaji vitanda 400 kwa miaka yote hiyo, itabidi kila kitanda kitoe maiti watatu kwa mwaka. Wagonjwa wa kifua kikuu wa zama zile walilazwa miezi mingi, wengine miaka. Hesabu haikai. Makadirio ya wale waliojisumbua kupitia kumbukumbu yanaangukia kwenye maelfu machache, karibu sehemu ya kumi ya namba inayotangazwa. Maelfu machache ni watu wengi mno, na kila mmoja alikuwa na kwao. Lakini hao wengine zaidi ya hamsini elfu hawakuwahi kuzaliwa, na ndio wanaovutia wageni wa usiku.

Jengo hilohilo lina handaki refu kama mita 150, linaloshuka kutoka hospitalini hadi chini ya kilima. Lilichimbwa ili wafanyakazi na mizigo wapande bila kuteseka wakati wa baridi. Vifo vilipozidi, likatumiwa kuteremshia maiti. Sababu yake inafaa kujulikana. Wagonjwa walilazwa vibarazani ili wapate hewa na jua, dawa pekee zilizokuwepo, na kutoka huko wangeweza kuona kila gari la kubebea maiti likija na kuondoka. Madaktari hawakutaka anayepigania uhai wake ahesabu wanaoshindwa. Basi kitendo cha kuwahurumia walio hai leo kinaitwa shimo la maiti, na watu huingia humo na vinasa sauti wakisubiri kuitwa majina.

Habari kubwa kuliko zote za Waverly Hills ndiyo isiyosimuliwa kabisa: ilifungwa kwa sababu ugonjwa ulipata dawa. Streptomycin iligunduliwa mwaka 1943, na isoniazid ikaanza kutumika mwaka 1952. Kabla ya hapo, mgonjwa ambaye hewa safi haikumsaidia aliweza kuondolewa mbavu ili pafu lake lisinyae na kupumzika. Baada ya hapo alimeza vidonge. Wodi zilizojaa zikaanza kupwaya, si Kentucky peke yake. Kote duniani majumba yale makubwa ya milimani, yenye madirisha mapana na vibaraza virefu, yakabaki bila wa kulala. Mgonjwa aliyepona haachi mzimu. Alifungasha nguo zake akaenda kufia kwingine, uzeeni, kwa ugonjwa tofauti. Kwa hiyo kila kitanda tupu kilichotokana na ushindi ule kimepewa tafsiri ya kifo, nanyi mliokuwa na takwimu za waliopona mmenyamaza.

Baada ya kifua kikuu, jengo la Waverly Hills liligeuzwa makao ya wazee, nayo yakafungwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa malalamiko ya huduma mbovu. (Mmiliki mmoja wa miaka ya 1990 alikusudia kujenga hapo sanamu ya Yesu ndefu kuliko zote duniani. Michango haikufika mbali.) Angalieni sasa jinsi umaarufu ulivyogawanywa. Wazee walioteseka humo ni aibu ya juzi tu, yenye wakaguzi, mameneja na taarifa za serikali. Wao hawana umaarufu wowote. Umaarufu ameupata muuguzi wa chumba namba 502, ambaye kila msimulizi humwua kwa namna yake. Hadithi za mizimu huwapenda wafu wasioweza kumshtaki mtu.

Tena mizimu haina kawaida ya kukaa pale watu walipoteswa kweli. Hospitali ya zamani ya Changi, Singapore, ilijengwa na Waingereza katika miaka ya 1930 kwa ajili ya wanajeshi wao. Wajapani walipoiteka Singapore Februari 1942, eneo la Changi likajaa wafungwa wa vita. Vita vilipokwisha jengo likarudi kwa jeshi la anga la Uingereza, baadaye likawa hospitali ya umma, hadi lilipoachwa mwaka 1997 kwa kuwa hospitali kuu mpya ya Changi ilikuwa imefunguliwa. Ukiuliza kwa nini panaogopwa utaambiwa Kempeitai, polisi wa kijeshi wa Japani, walitesea watu humo. Lakini jengo ambalo mateso ya Kempeitai yalielezwa mahakamani baada ya vita, shahidi kwa shahidi, ni lile la YMCA, chama cha vijana wa Kikristo, katikati ya jiji. Katika msako ulioanza tarehe 10 Oktoba 1943 walikamatwa raia 57, na 15 kati yao wakafa. Jengo lile lilibomolewa, likajengwa jingine, shughuli zikaendelea. Umaarufu wa kutisha ukaenda Changi, kwenye madirisha yaliyovunjika.

Venice ni hivyohivyo. Kisiwa cha Poveglia kinasimuliwa kwamba udongo wake ni majivu ya watu waliokufa kwa tauni, na kwamba daktari mwendawazimu alijirusha kutoka kwenye mnara wa kengele. Ukweli ni kwamba tangu mwishoni mwa karne ya 18 mabaharia na bidhaa walizuiliwa hapo kwa karantini, na katika karne ya 20 palikuwa na makao ya wazee yaliyofungwa mwaka 1968. Kaburi la halaiki la tauni lipo, ila lipo kisiwa kingine, Lazzaretto Vecchio, ambako jiji lilianza kuwapeleka wagonjwa mwaka 1423. Huko wanaakiolojia wamefukua mifupa ya watu zaidi ya 1,500. Mbona basi Lazzaretto Vecchio hakitajwi kwenye orodha za kutisha kama Poveglia? Kwa sababu kina watu wanaokitunza, wanaokichimba na kukieleza. Mizimu haifuati wingi wa maiti. Inafuata milango mibovu.

Halafu inaheshimu sana mnada. Mwaka 2014 serikali ya Italia ilipotangaza kukodisha Poveglia kwa miaka 99, hakuna afisa aliyeandika neno "mizimu" kwenye tangazo. Ofa ya juu ilikuwa euro 513,000, nayo ikakataliwa kwa kuwa ndogo. Wakazi wa jiji nao wakaungana kutaka kisiwa kibaki cha umma. Changi nako, mwaka 2006 jengo lilikodishwa kwa mpango wa kuligeuza mahali pa mapumziko ya anasa, mpango ambao haukutimia. Ikija pesa, wenye mali mnakumbuka kwamba lile ni jengo lenye ukubwa, mandhari na bei. Ikikosekana, mnaturudishia muuguzi mweupe.

Kuhusu hofu yenyewe sitawachosha. Mhandisi wa Uingereza, Vic Tandy, aliandika mwaka 1998 jinsi alivyoona kivuli cha kijivu na kusisimkwa mwili katika maabara ya kampuni ya vifaa vya tiba, akaja kugundua feni iliyokuwa ikitoa mtetemo wa takriban mizunguko 19 kwa sekunde, sauti ya chini kuliko sikio linavyoweza kuisikia. Pengine yapo majengo yenye maelezo ya namna hiyo, na pengine mengine hayana. Mwenye imani yake kuhusu roho za wafu abaki nayo. Sikuandika barua hii kumnyang'anya.

Wala sisemi kila kinachosimuliwa ni uzushi. Katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Athens, jimbo la Ohio, iliyofunguliwa mwaka 1874, mgonjwa mmoja mwanamke alitoweka tarehe 1 Desemba 1978. Alikuja kupatikana tarehe 12 Januari 1979, amekufa, katika wodi iliyokuwa haitumiki tena. Umbo la mwili wake lilikuwa limejichora sakafuni, na doa hilo halikutoka hata kwa kusuguliwa. Hospitali ilifungwa mwaka 1993, na sasa inasemwa kwamba roho yake huchungulia dirishani. Nimeisoma hadithi hiyo kwa namna nyingi, na karibu zote humfanya yeye ndiye wa kuogopwa. Mtu aliyekuwa chini ya uangalizi wa serikali, aliyepotea ndani ya jengo la serikali kwa wiki sita, anageuzwa kuwa tishio kwa wapita njia. Nani alikuwa zamu? Wodi ile ilipekuliwa mara ngapi, na funguo zake zilikuwa kwa nani? Maswali hayo yana majibu kwenye karatasi. Doa halina majibu, lina watalii tu.

Kwenye viwanja vya hospitali hiyohiyo kuna makaburi karibu 2,000. Hadi mwaka 1943 mawe yake yaliandikwa namba bila jina. Waliofanya hivyo walidhani wanaziepusha familia na fedheha ya kujulikana kwamba zina mgonjwa wa akili. Namba ile huwa jina tena ikiwa tu daftari lipo. Daftari likiachwa kwenye chumba chenye paa linalovuja, mmewazika watu wale bila uwezekano wa kufufua hata majina yao. Hili ndilo linaloniuma kuliko muuguzi yeyote mweupe, kwa kuwa nimeona kwa macho yangu mafaili ya hospitali yakiwa yamelowa hadi yameshikana, na msimamizi akiniambia yatachomwa kwa vile hayana kazi.

Najua mtanijibu kwa sheria ya faragha, na hoja hiyo ina uzito. Hospitali ya akili ya Willard, jimbo la New York, ilipofungwa mwaka 1995, wafanyakazi walikuta darini masanduku ya safari zaidi ya 400. Ni mizigo ya watu waliofika na nguo, picha na barua zao, wakalazwa, na wengi wao hawakutoka tena. Masanduku yalihifadhiwa kwenye jumba la makumbusho la jimbo, lakini majina kamili ya wenyewe yalizuiwa kutangazwa hata baada ya wao kufa miaka mingi. Mimi nimeapa kiapo cha kutunza siri za wagonjwa na ningali nakiheshimu. Ugonjwa wa mtu ni siri yake. Kaburi lake si siri ya hospitali. Oregon waliona hivyo. Mwaka 2004 wabunge wa jimbo walikuta katika hospitali ya serikali makopo ya shaba kama 3,500 yenye majivu ya watu waliochomwa na kutochukuliwa na mtu. Sheria ikarekebishwa, majina yakatangazwa, familia zikaanza kujitokeza, na mwaka 2014 pakazinduliwa mahali pa kuwakumbuka. Hawakutangaza nani aliugua nini. Walitangaza nani yuko hapo.

Sasa niwaeleze kuhusu mwanga wa buluu, maana hapa ndipo uvivu wenu unapoua.

Mjini Goiânia, Brazil, kulikuwa na kliniki binafsi ya tiba ya mionzi. Mwishoni mwa mwaka 1985 ilihamia jengo jipya. Ilichukua mashine moja na kuiacha nyingine, yenye seziamu-137, madini yatoayo mionzi, kwenye jengo la zamani, bila kuitaarifu mamlaka iliyotoa leseni. Kukazuka kesi kati ya wenye kliniki na wenye kiwanja. Jengo likabomolewa nusu. Barua za onyo ziliandikwa kwamba mle ndani kuna kitu cha hatari, na mahakama ikaagiza mlinzi awekwe. Kwa hiyo karatasi zilikuwepo, na kila ofisi ilikuwa na nakala yake. Ila kila ofisi iliona mwenye wajibu ni mwenzake.

Tarehe 13 Septemba 1987 mlinzi hakuwepo. Waokota chuma chakavu wawili waliingia, wakang'oa sehemu ya mashine wakaisomba kwa toroli. Siku hiyohiyo wakaanza kutapika, wakadhani ni chakula. Baada ya siku kadhaa waliuza walichokipata kwa mwenye ghala la chuma chakavu, na usiku ule mwenye ghala akaona kitu kinang'aa buluu. Alikiona kizuri, labda kito cha thamani, labda kitu cha miujiza. Akakiingiza nyumbani. Ndugu na majirani wakaja kutazama. Punje zikagawanywa, wengine wakajipaka unga wake mwilini ili wametemete. Mtoto wa kike wa miaka sita aliuchezea, kisha akala kwa mikono ileile.

Aliyeng'amua kinachoendelea alikuwa mke wa mwenye ghala. Aliona watu wanaugua mmoja baada ya mwingine tangu kitu kile kiingie, na tarehe 28 Septemba akakipeleka kwa basi, ndani ya mfuko, hadi ofisi ya afya. Mama yule hakuwa na cheo wala kipimo chochote, akafanya ukaguzi uliowashinda wenye vyeo na vipimo kwa karibu miaka miwili. Alifariki tarehe 23 Oktoba, siku moja na yule mtoto, mpwa wa mumewe. Vijana wawili walioajiriwa ghalani wakafuata. Watu wapatao 112,000 walipimwa, na 249 wakakutwa wamechafuliwa na mionzi. Nyumba zilibomolewa, udongo ukakwanguliwa. Mtoto alipozikwa, katika jeneza lililokingwa kwa madini ya risasi, umati ulifurika makaburini ukitaka asizikwe hapo, na mawe yakarushwa.

Seziamu iliyofanya yote hayo ilikuwa chumvi isiyofika gramu 100.

Msiseme ilikuwa bahati mbaya ya mahali pamoja. Miaka minne kabla, mjini Ciudad Juárez, Mexico, mashine ya kobalti-60 iliyokuwa imekaa tu bohari ya hospitali ilivunjwa na kuuzwa kama chuma chakavu. Ikayeyushwa ikawa nondo za kujengea na miguu ya meza. Iligundulika Januari 1984 kwa kuwa lori lililobeba nondo hizo lilipita karibu na maabara ya nyuklia ya Los Alamos, Marekani, likaamsha king'ora. Lisingepita njia ile, sijui nani angejua.

Fikirini sasa nani hasa huingia kwenye hospitali mliyoiacha. Mtu mzima mwenye shughuli zake hupita mbali. Anayeingia ni mwenye njaa anayetafuta shaba na chuma, na vijana waliochokozana nani shujaa. Wa kwanza hana nafasi ya kuogopa mizimu. Wa pili wanaingia kwa sababu ya mizimu. Ina maana ule ulinzi wa bure mnaoutegemea unamzuia asiyetaka kuingia na kumkaribisha anayetaka. Ndani wanakuta shimo la lifti lisilo na mlango, sakafu iliyooza, vumbi la asibestosi kwenye mabomba, zebaki kwenye vipimo vya zamani, chupa za maabara zisizo na lebo. Akianguka mtoto akafa, mwaka unaofuata naye anaongezwa kwenye hadithi, na sifa ya jengo inazidi kukua.

Kuna waliofanya tofauti, na hawakuhitaji kubomoa kila kitu. Beelitz, kusini-magharibi mwa Berlin, kulikuwa na mji mzima wa hospitali, majengo kama 60, ulioanza kujengwa mwaka 1898 kwa wafanyakazi wa Berlin wenye kifua kikuu. Vita vya kwanza vya dunia viliufanya hospitali ya majeruhi. Adolf Hitler, wakati huo askari mdogo, alitibiwa hapo mwaka 1916. Kuanzia 1945 ulikuwa mikononi mwa jeshi la Kisovieti, lililoondoka mwaka 1994. Kisha ikawa miaka ya wezi wa chuma, wapiga picha na wasaka mizimu, na watu waliumia humo. Mwaka 2015 ikafunguliwa njia ya juu, ya kutembea usawa wa vilele vya miti, ikipita juu ya magofu, na wageni wakaanza kuelezwa kila jengo lilikuwa la nini. Majengo mengine yamekarabatiwa na watu wanaishi humo. Magofu bado yanatisha kidogo. Hilo halina ubaya; mgeni anatishika akiwa nyuma ya ukingo imara, na anajua anachokitazama.

Ninachowaomba ni kazi ya ofisini, isiyohitaji mganga wala mkandarasi mkubwa. Kabla hospitali haijafungwa, mashine ya mwisho yenye mionzi itoke kabla ya meneja wa mwisho, na hati ya makabidhiano ioneshe imepokelewa wapi na nani. Zilizokwisha kufungwa, pelekeni mtu mwenye kipimo cha mionzi azunguke vyumba vyote, mwaka huu. Mafaili na madaftari ya makaburi yahamishiwe kwenye hifadhi ya nyaraka, hata kama chumba cha kwanza kitakuwa stoo kavu yenye kufuli. Idadi ya vifo itolewe kutoka kwenye vitabu vyenu, pamoja na idadi ya waliopona, na yaliyotendwa vibaya yaandikwe bila kufunikwa: nani alipotea, nani alipuuzwa, uchunguzi ulisema nini. Kesi za umiliki ziendelee mkitaka hata miaka 20, lakini kuwe na jina la mtu mmoja anayewajibika kwa jengo wakati majaji wanafikiri.

Wanaotembeza wageni usiku kwa kiingilio siwaombei wazuiwe. Baadhi yao wameziba mapaa ambayo ninyi mliyaacha yaanguke. Wapeni tu namba sahihi.

Majibu ya barua hii msinitumie mimi. Yabandikeni kwenye geti la kila hospitali, kwa maandishi yanayosomeka: ilifunguliwa lini, ilitibu nini, ilifungwa kwa nini, kumebaki nini ndani, mafaili yako wapi, na nani apigiwe simu mtu akiona mlango uko wazi.

Wenu,
Karani mstaafu wa masijala

Nakala: wakaguzi wakuu wa hesabu za serikali, mamlaka za kudhibiti mionzi, idara za nyaraka za taifa.